Kutoka Bomoa hadi Shusha Pumzi: Harithi Swalihu Anastaafu

Tarehe 30 Juni 1999, Bwana Harithi Swalihu, fundi wa mashine za kukamulia na kiongozi wa bendi ya Uwanda Jazz, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha mafuta hapa Dodoma kwa miaka ishirini na saba. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Ambokile wa sehemu ya kufungasha, kazi ya kuandika wasifu wake. Nadhani sababu ni kwamba muda wote huo nimekuwa nyuma yake nikipiga dramu. Uso wa Harithi mnaujua wote. Mimi naujua mgongo, na mgongo wa mpiga gitaa hauwezi kuficha kitu. Akifurahi, bega la kushoto hupanda. Akikasirika, shingo inaingia ndani kama ya kobe. Akisahau wimbo, na amesahau mara nyingi, hukuna kisogo huku akitabasamu mbele ya watu kana kwamba ndivyo tulivyopanga.

Harithi alizaliwa Majengo mwaka 1944, mtoto wa Mzee Swalihu Mgeni, mfanyabiashara wa mtama na uwele, wa ukoo uliokuwapo mjini hapa tangu enzi za misafara. Gitaa alifundishwa na karani mmoja wa reli ambaye alipohamishwa aliliacha kwake kwa ahadi ya kulirudia. Hakulirudia. Mwaka 1970 Harithi na rafiki yake Athuman Uwesu, kijana wa Kirangi kutoka milima ya Kondoa aliyejifunza tarumbeta jeshini JKT, walianzisha bendi. Wakati ule bendi isiyo na jina la Kizungu haikuwa bendi, basi wakajiita The Boulders. Watu wa Majengo walituita Mabolda, na hivyo ndivyo tulivyobaki.

Mimi nilikuwa nimetoka Tukuyu kufuata kazi ya reli. Nilipita nje ya nyumba moja jioni nikasikia vurugu, nikachungulia, wakanikabidhi vijiti. Kazi ya reli sikuipata tena.

Mabolda ilikuwa bendi ya roki. Nalisema hili waziwazi kwa sababu vijana wa leo hawaamini. Harithi alikuwa amesikia roki kwenye redio ya mawimbi mafupi, yenye mikwaruzo mingi, na akaamini kwamba mikwaruzo nayo ni sehemu ya muziki. Tuliazima spika ya mikutano ya hadhara iliyochanika upande mmoja, gitaa likawa linakoroma kama lori linalopanda mlima. Tulifurahi mno. Katika roki yetu tarumbeta halikuwa na mahali pake, lakini Athuman alikuwa nalo na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aliache nyumbani. Mtindo wetu tuliuita Bomoa. Mzee Swalihu alivumilia mazoezi yetu kwa wiki kadhaa, kisha siku moja alitoka uani na pishi lake la kupimia mtama mkononi.

"Harithi, mwanangu," alisema kwa upole, "hilo gitaa lina ugomvi na nani? Niambie nikawapatanishe."

Tukahamia chini ya miamba nje ya mji, ambako hapakuwa na mtu wa kupatanishwa naye.

Mwaka 1972 kiwanda chetu, ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kimefunguliwa na Serikali, kilitaka bendi. Kila shirika lilikuwa na bendi yake wakati ule, na meneja asiye na bendi alionekana kama bwana harusi asiye na ngoma. Tuliajiriwa sote. Harithi aliwekwa kwenye mashine za kukamulia, Athuman ghalani, mimi kwenye madebe. Tukapewa sare za kijani, saksafoni mbili na jina jipya, Uwanda Jazz. Roki, tuliambiwa, haiendani na uzalishaji. Harithi hakubishana. Alituambia pembeni, "Sisi bado ni bendi ya roki. Tumepunguza kelele tu." Maneno hayo ameyarudia kila tulipobadilika, hata pale ambapo kelele zenyewe zilikuwa zimekwisha kabisa.

Sauti ya miaka ile ilitoka moja kwa moja kiwandani. Mashine za kukamulia zina mwendo wao, mzito, wa kurudi nyuma kidogo kila baada ya kusukuma, na Harithi alishinda nao kutwa nzima. Jioni ukawa mikononi mwake. Kina mama waliokuwa wakichambua alizeti, wengi wao Wagogo kutoka vijiji vya Chamwino, walikuwa wakiimba kazini, mmoja anaanza na wengine wanamdaka kila mtu kwa sauti yake, juu, chini na katikati. Harithi aliwasikiliza, akatufundisha kuitikia vile vile. Hatukuweza kuwafikia, lakini hata kushindwa kwetu kulipendeza. Mbele ya yote hayo walisimama Athuman na wale wa saksafoni, wakipuliza kwa pamoja mpaka bati la ukumbi linatetemeka. Mtindo ukaitwa Kamua. Bugi, dansi letu la Jumapili alasiri kwenye kantini ya kiwanda, lilijaza watu mpaka wengine wakicheza nje, kwenye vumbi. Swaumu, mke wa Harithi, alimwona mara ya kwanza katika bugi mojawapo. Anasema aliyemvutia ni mpiga besi, ila mpiga besi aliwahi gari la kurudi nyumbani.

Tulizunguka na lori la kiwanda, Mpwapwa, Kongwa, Manyoni, Kondoa. Vumbi jekundu liliingia ndani ya tarumbeta, na wimbo wa kwanza kila mahali ulianza kwa Athuman kukohoa kwa ala yake.

Miaka ya themanini mwanzoni vitu viliadimika, mnakumbuka. Uzi wa kwanza wa gitaa la Harithi ulikatika mwaka 1982 na mwingine haukupatikana popote. Mwenzetu mwingine angeomba likizo. Harithi alizilegeza nyuzi tano zilizobaki, akatunga nyimbo upya zishuke chini, nzito na za mvuto, na Athuman akashuka naye. Mji mzima ukazungumzia mtindo mpya wa Uwanda Jazz. Wanamuziki wawili walipanda treni kutoka Tabora kuja kuuliza siri ya sauti ile. Harithi aliwapokea vizuri, akawalisha, akawaeleza habari ndefu za kusikiliza nafsi. Hakuwaonyesha gitaa.

Biashara ilipofunguliwa, madukani kukaanza kuonekana vitu tena, sabuni, mitumba, redio za kaseti, na nyuzi za gitaa. Harithi aliurudisha uzi uliokosekana kwa shangwe kubwa. Jumapili ile ile mashabiki wakamfuata kulalamika kwamba sauti imekuwa nyembamba.

Lakini milango iliyoleta nyuzi ilileta pia disko. Vijana walianza kwenda kucheza mbele ya masanduku mawili na kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Bugi letu likapungua. Kiwanda nacho kiliambiwa kijitegemee. Mwaka 1991 meneja wetu wa wakati huo, Ndugu Matonya, mtu mwema aliyeupenda muziki kwa moyo wote ingawa hakuwahi kupiga makofi kwa wakati unaotakiwa, alirudi kutoka Dar es Salaam na kinanda cha umeme. Alikiweka juu ya meza ya kantini, akatuita wote.

"Hii mashine," alisema, "ina tarumbeta ndani. Ina fidla. Ina mpaka sauti ya mvua."

Athuman alikizunguka mara moja, mikono nyuma. "Ina mapafu?" aliuliza.

Tulicheka. Ndugu Matonya naye alicheka, kisha akaacha, akatueleza kwamba makao makuu wametaka wafanyakazi wapunguzwe na kwamba watakaoanza kuangaliwa ni wale wasiogusa alizeti. Bendi ya watu kumi na moja haiwezi kubaki ya watu kumi na moja. Wapulizaji walikuwa watatu, na kinanda kilikuwa kimoja.

Hakuna aliyejua kukipiga. Harithi alipita ofisini akitafuta mtu mwenye vidole, akamkuta Shamila Bushiri, mpiga chapa wa utawala, binti wa Majengo, akipiga taipu huku akiongea na watu wawili na kunywa chai. Alimwomba aje ajaribu. Shamila aliomba wiki mbili. Kwa hizo wiki mbili tulimsikia kila mchana akipapasa kwenye chumba cha mazoezi, na wa saksafoni walikuwa wakipita mlangoni bila kumsalimu. Athuman pekee ndiye aliyeingia. Alimwonyesha mahali ambapo tarumbeta huvuta pumzi. "Mashine haichoki, dada," alimwambia, "lakini msikilizaji anachoka. Mpumzishe." Shamila amenihadithia hilo mara nyingi, na kila mara husita kidogo kabla ya neno la mwisho.

Jumapili ya kwanza ya kinanda, Harithi aliwaomba wapulizaji wakae chini kwa nyimbo chache ili tusikie. Ningependa kuandika kwamba watu walisusa, kwamba walidai tarumbeta zao. Hawakudai. Ukumbi ulichangamka kuliko tulivyokuwa tumeuona kwa miaka mitatu. Vijana walirudi kutoka disko na kujaa mpaka mlangoni. Athuman alikaa karibu na dirisha, tarumbeta mapajani. Wimbo wa tatu ulipoisha alipiga makofi, makofi ya kweli, kisha akalifunga tarumbeta kwenye mfuko wake wa turubai na kutoka. Niliona shingo ya Harithi ikiingia ndani.

Kesho yake Harithi alikwenda kwa Ndugu Matonya akamwomba wapulizaji wasiachishwe, wahamishiwe idara nyingine, wapige siku za sherehe. Ilikuwa kazi kubwa kukubaliwa, na alikubaliwa. Wa saksafoni wakapokea, mmoja getini na mwingine kwenye mizani. Athuman alikataa. Nilikuwapo walipozungumza, tulikuwa tunakunywa chai kwa mama lishe nje ya geti.

"Ungeweza kusema hapana," Athuman alimwambia.

"Ningesema hapana, tungeachishwa wote kumi na moja."

"Basi tungeachishwa tukiwa bendi."

"Athuman, una watoto."

"Na wewe unao. Mimi sikuulizi habari za watoto. Nakuuliza habari za muziki, na umenijibu ya ghala."

Alimaliza chai yake yote, akamshukuru mama lishe, akaondoka. Wiki ile ile alichukua basi la Kondoa na familia yake, na kwa miaka sita hawakusemezana.

Sasa nikitazama nyuma, mitano ya kwanza ya miaka hiyo ndiyo tuliyopata umaarufu kuliko wakati wowote kabla yake. Mtindo uliitwa Kamua Kisasa. Tulipiga kwenye harusi za watu wakubwa, na vyama vya siasa vilipokuwa vingi tulipiga kwenye mikutano ya vyama vitatu tofauti ndani ya mwezi mmoja, kwa nyimbo zile zile, tukibadilisha fulana. Shamila alitoka kuwa mpiga chapa aliyeazimwa na kuwa mtu ambaye watu walikuja kumtazama. Alipiga amesimama, kilemba kichwani, bila kutazama vidole. Tulikuwa wepesi, wakali na wa haraka. Kwenye gari tulicheka sana.

Lakini bega la kushoto la Harithi halikupanda. Nilianza pia kugundua jambo. Katika nyimbo za zamani, kila tulipofika mahali ambapo Athuman alikuwa akiingia, Harithi aliondoa mkono kwenye nyuzi. Akaacha kipande kile kitupu, ngoma yangu peke yake ikitembea, kisha akaendelea. Shamila naye aliona. Kwenye mazoezi alimwuliza, "Kaka Harithi, hapa nijaze?"

"Acha," Harithi alisema. "Hapo pana mtu."

Shamila akaacha. Wachezaji hawakujua habari hizo. Wao waliona nafasi, wakaanza kupiga makofi ndani yake, mara tatu, kwa pamoja. Mwaka mmoja baadaye bendi nyingine za mjini zilikuwa zikiacha nafasi kama ile ndani ya nyimbo zao, bila kujua kwamba aliyetakiwa kuijaza alikuwa mlimani Kondoa akilima mtama.

Mwaka 1996 kiwanda kiliuzwa. Mwenye kiwanda mpya alikuwa mtu wa mafuta, si wa muziki, na hilo si kosa. Wengi wetu tulipunguzwa. Harithi, Shamila, mimi na wachache wengine tulibakizwa kwenye kazi zetu za mchana, na bendi ikafutwa. Chumba cha mazoezi kilihitajika kwa magunia. Tulipouliza habari za vyombo, alikuja kuviangalia mwenyewe. Akainua kifuniko cha dramu kubwa, panya akatoka.

"Chukueni vyote," alisema akirudi nyuma, "mradi kesho nisivikute."

Tulikodi mkokoteni mpaka Majengo, nyumbani kwa Harithi. Swaumu alisimama mlangoni akitazama dramu zikiingia sebuleni na makochi yakitoka uani. Zilipokwisha kuingia, alisema kwa ufupi, "Mtapiga. Lakini mjukuu wangu akiamka, ninyi mtalala nje."

Hivyo ndivyo bendi ya roki iliyofukuzwa Majengo kwa kelele ilivyorudi Majengo na kujifunza kunong'ona. Hatukuwa na ukumbi, lori wala mtu wa kutulipia umeme. Harithi aliacha amplifaya, akapiga gitaa kavu. Mimi niliweka vijiti pembeni nikatumia chelewa za ufagio, nilizozikata kwa idhini ya mwenye nyumba. Shamila alishusha kinanda mpaka kikawa kama mtu anayeimba akiwa anatandika kitanda. Adhana ikiadhiniwa tulinyamaza, mtoto akilala tulipunguza, jirani akigonga ukuta tulimwuliza anataka wimbo gani. Katika hali ile ndogo tulianza kusikia vitu ambavyo hatukuwahi kuvisikia: kucha za Harithi kwenye nyuzi, Shamila akihesabu kimoyomoyo.

Mwishoni mwa 1997 tulialikwa kupiga harusi Kondoa mjini. Tulikwenda na vyombo vichache ndani ya basi. Harusi ilipita vizuri, na kesho yake mvua za Elinino zikafungua mbingu. Barabara ya Dodoma ikakatika pande zote, mabasi yakaegeshwa, abiria wakajaa kwenye baraza za maduka. Siku ya tatu, mvua ilipopumua kidogo, Harithi alivaa viatu vya mpira vya kuazima akaniambia nimsindikize. Sikuuliza wapi. Tulipanda kilima kwa matope asubuhi nzima, tukianguka kwa zamu, mpaka tukafika kwenye nyumba ya Athuman.

Alikuwa shambani, amejifunika gunia kichwani. Alipotuona hakuja. Alitusubiri tumfikie.

"Assalaam aleikum, Athuman," Harithi alisema.

"Waaleikum salaam. Umekuja kufuata nini?"

"Mvua imenifunga."

"Mvua imekufunga mjini. Huku juu umepanda mwenyewe."

Harithi alikuna kisogo. Kisha alisema alichokuwa amekibeba. "Nimekuja kukwambia ulikuwa sahihi. Ilikuwa niseme hapana."

Athuman alitikisa kichwa. "Hapana, bwana. Ungesema hapana, watoto wa watu kumi na moja wangelala njaa kwa ajili ya bati langu. Nimelifikiria hilo kila msimu. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

"Mimi siyo."

"Ni wewe, Harithi. Usinibishie shambani kwangu."

Wakabishana. Watu wawili wazima, kwenye mvua, kila mmoja akitetea upande wa mwenzake kwa nguvu ile ile waliyoitumia kutetea wake miaka sita nyuma. Mke wa Athuman alitoka jikoni, akawasikiliza kidogo, akaniambia mimi niingie ndani ninywe uji kwa kuwa hawa wataendelea. Nilipokuwa kwenye kikombe cha pili waliingia, wamelowa, Athuman akifuta macho kwa mkono wenye tope. Alisema ni mvua.

Tarumbeta lilikuwa limetundikwa ukutani, linang'aa. Nilishangaa, kwani nilidhani ameliuza. Alisema lina kazi yake. Mtama ukianza kukomaa na kwelea kwelea wakishuka kwa maelfu, wenzake hupiga madebe, yeye hupuliza. Ndege wa vilima vile walikuwa wamesikiliza nyimbo zote za Kamua. Lakini alipotabasamu niliona meno mawili ya mbele hayapo.

"Juu sifiki tena," alisema. "Pumzi inavuja. Sauti nilizobaki nazo ni za chini tu."

"Hatuendi juu siku hizi," Harithi alimjibu. "Nyumbani kuna mtoto anayelala."

Jumapili ile, barabara ikiwa bado imekatika, tulipiga alasiri kwenye baraza ya duka moja mjini Kondoa, kwa ajili ya wasafiri waliokwama. Hakukuwa na umeme. Shamila, bila kinanda, aliimba, na ndipo tulipogundua kwamba tulikuwa na mwimbaji kwa miaka sita bila kumwuliza. Athuman alikuja na mfuko wake wa turubai akaketi juu ya gunia la chumvi. Tulianza wimbo wa zamani. Tulipofika kwenye ile nafasi Harithi aliondoa mkono, akageuka kumtazama. Mimi niliona uso wake safari hii, na sitaueleza.

Athuman hakupuliza. Wasafiri walipiga makofi yao matatu, wimbo ukaendelea. Alisubiri mpaka Shamila alipofika kwenye ubeti wa mwisho, ule wa taratibu, ndipo alipoingia kwa chini kabisa, chini ya sauti yake, kwa sauti yenye hewa nyingi kuliko bati, kama mtu anayekubaliana na mwenzake kwa kuguna. Abiria waliokuwa wakigombana na kondakta kuhusu nauli wakanyamaza. Kondakta naye akanyamaza, akatumia nafasi hiyo kujificha.

Baadaye Shamila alimwuliza kwa nini hakuingia mahali pake.

"Pale watu wameshapazoea," Athuman alisema. "Wanapiga makofi yao vizuri. Mimi nitapita kwingine."

Mtindo huo ndio Shusha Pumzi, ambao sasa unajulikana nchi nzima. Mwaka jana tulirekodi kaseti kwenye chumba kimoja cha Area D, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani, na redio ikaipiga mpaka wauza nafaka wa Majengo wakawa wanaiimba wakipima. Athuman hushuka na basi kila mwisho wa mwezi, nje ya msimu wa kwelea kwelea. Mwenye kiwanda alisikia wimbo mmoja ndani ya gari lake, akauliza ni bendi ya wapi. Dereva akamwambia, ni ile yenye panya. Leo ndiye aliyetoa kantini kwa sherehe hii, na mbuzi wawili.

Wapo wanaosema Uwanda Jazz ni bendi nne tofauti, na kwamba aliyependa Bomoa hawezi kuitambua Shusha Pumzi. Mimi niliyekuwa nyuma muda wote nasema alikuwa ni mtu mmoja yule yule, aliyepokea kilichokuwapo siku hiyo, spika iliyochanika, mashine, uzi uliokatika, rafiki aliyeondoka, mtoto aliyelala, akakifanyia muziki bila kununa. Kwenye mashine za kukamulia alikuwa hivyo hivyo. Mafundi vijana aliowalea pale watalieleza hilo wenyewe kwenye meza ya chakula.

Bwana Harithi anastaafu kazi ya kiwanda, na kwa uamuzi wake mwenyewe anakabidhi pia uongozi wa bendi kwa Shamila Bushiri. Shamila tayari ametutangazia kwamba kuna mambo yatabadilika na kwamba chelewa zangu zimemchosha. Harithi alipoulizwa anaonaje bendi kuwa na sauti nyingine tena, alisema tumwulize kiongozi. Yeye na Swaumu wamepata shamba Chamwino, watapanda zabibu. Gitaa linakwenda nao. Athuman ameahidi kuwatembelea na tarumbeta lake ndege wakianza kushukia zabibu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kiwanda, waliopo na waliopunguzwa, tunakushukuru, kaka Harithi. Tunamshukuru Swaumu kwa sebule yake, na marehemu Mzee Swalihu, Mungu amrehemu, kwa subira ya zile wiki kadhaa. Mwenyezi Mungu akupe afya, mvua ya kiasi, na mikono isiyotetemeka. Ishi vema, na uishi sana.

Baada ya chakula bendi itapiga nyimbo za miaka yote. Bwana Harithi, mgeni wetu wa leo, ametengewa kiti mstari wa kwanza, katikati. Katika maisha yake yote hajawahi kuisikia Uwanda Jazz akiwa amekaa mbele yake. Tunamwomba asisimame, asikilize mpaka mwisho, kisha atuambie tunasikikaje.